Serikali ya Wachache na Watu wa Ng'ambo ya Tana

Aprili 1961 Kenya ilipata serikali iliyoundwa na chama kilichoshindwa uchaguzi. Hapakuwa na mapinduzi wala masanduku ya kura yaliyoibwa. Kila kitu kilifanyika mchana, kwa kalamu ya Gavana Sir Patrick Renison, na kikaitwa katiba.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Katika uchaguzi wa Februari mwaka huo, KANU ilipata viti 19 kati ya viti 33 vya wazi katika Baraza la Kutunga Sheria. KADU ilipata 11. Kwa kura za wananchi pengo lilikuwa kubwa zaidi: KANU ilibeba karibu theluthi mbili, KADU haikufika hata moja ya tano. Lakini KANU ilikuwa imeapa kwamba haitaunda serikali mpaka Jomo Kenyatta aachiliwe huru, na Renison alikuwa amekwisha kusema Kenyatta hatoki. Basi wakakwama hapo, kila mmoja na kiapo chake. Ndipo Ronald Ngala, mwalimu wa Kigiriama kutoka pwani na kiongozi wa KADU, alipokubali kuchukua kazi. Aliungana na New Kenya Party ya Michael Blundell, mkulima Mzungu wa Bonde la Ufa, na wajumbe kadhaa wa Kiasia. Viti bado havikutosha. Gavana akateua wajumbe wa kujazia, serikali ikasimama.

Ikasimama kwa mwaka mmoja tu, mpaka Aprili 1962. Vitabu vya shule huupita mwaka huo kwa aya moja, kama kituo ambacho basi halisimami. Mimi naona ndio mwaka ambao swali moja kubwa la Kenya lilijibiwa kimyakimya: serikali ikiwa na pesa kidogo na maadui wengi, pesa zile ziende wapi kwanza? Jibu lake unaweza kulisoma vizuri zaidi ukiwa mbali na Nairobi. Ukilisomea Kotile, kwa mfano.

Kwa msomaji asiyepafahamu: Kotile iko upande wa Masalani, Kaunti ya Garissa, mashariki mwa mto Tana. Ni nchi ya wafugaji wa Kisomali. Ukivuka mto uko Kaunti ya Tana River, kwa Wapokomo wanaolima kando ya maji na Waorma wanaochunga. Siku hizi dunia ikilitaja eneo lile, mara nyingi inamtaja mnyama, yaani hirola, swala adimu anayehifadhiwa Ishaqbini, hifadhi ya wenyeji wa Hara, Korisa na Kotile. Watu wenyewe hutajwa baadaye, kama wanatajwa.

Mwaka 1961 upande huu wa mashariki ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile ambayo wazee wanaiita NFD mpaka leo. Ilikuwa karibu nusu ya eneo la Kenya nzima, na ilikuwa imefungwa. Nasema imefungwa kwa maana halisi. Sheria ya 1902 iliruhusu serikali kutangaza wilaya za mbali kuwa eneo lisiloingiwa bila kibali. Sheria nyingine ya 1934 ikawapa maofisa wa wilaya nguvu ya kuamua nani atembee wapi na achunge wapi. Mtu alihitaji karatasi kutoka nyumbani kwake kwenda nchi yake mwenyewe. Vyama vya siasa vilipigwa marufuku huko mpaka 1960, wakati Nairobi na Mombasa watu walikuwa wameshapaza sauti hadi wamekauka koo.

Tena kulikuwa na karantini ya mifugo, na hapa ndipo biashara inapoingia. Ng'ombe wa kaskazini hawakuruhusiwa kushuka sokoni ovyo ovyo, kwa sababu ya sotoka na homa ya mapafu. Magonjwa yalikuwa ya kweli, tusidanganyane. Sotoka imewahi kumaliza mazizi ya Afrika Mashariki yote. Lakini karantini ilikuwa na faida ya pili ambayo haikuandikwa kwenye tangazo. Ilimlinda mfugaji Mzungu wa Laikipia na Naivasha dhidi ya ng'ombe wa bei rahisi wa Msomali. Kenya Meat Commission ilipoanzishwa mwaka 1950 na kiwanda chake cha Athi River, soko la nyama lilipata mlango mmoja mkubwa, na mlango huo haukufunguka sawa kwa wote. Miaka miwili baadaye likaja shirika la serikali la kununua mifugo ya Waafrika, ALMO. Mfugaji wa Kiafrika sasa alikuwa na mnunuzi, ndiyo. Lakini mnunuzi akiwa mmoja, na barabara ya kwenda kwa mwingine ikiwa na askari, bei anaipanga nani?

Hiyo ndiyo Kenya aliyokabidhiwa Ngala. Haikuwa zawadi.

Hazina ilikuwa tupu kiasi kwamba Uingereza ililazimika kuiongezea fedha. Tangu mkutano wa kwanza wa Lancaster House mwaka 1960, pale ilipodhihirika kwamba Waafrika watatawala, walowezi walianza kuhamisha mitaji. Bei ya ardhi ilianguka. Wenye viwanda wakasimamisha ujenzi wakasubiri kuona. Wakati huohuo vijana wasio na ardhi katika Kati na Bonde la Ufa walikuwa wameanza kuyatazama mashamba ya Wazungu kwa jicho la mtu anayesubiri mlango ufunguliwe kidogo tu. Halafu mvua. Ukame wa 1960 na 1961 uliua mifugo mingi na kuleta njaa, kisha kuanzia Oktoba 1961 mbingu zikafunguka kupita kiasi. Tana ulivunja kingo. Mashamba ya Wapokomo yakamezwa, barabara za Garissa zikakatika, na ndege za jeshi la Uingereza zikawa zinadondosha magunia ya chakula kwa watu waliozungukwa na maji.

Mahitaji ya umma, basi, hayakuwa fumbo. Kulikuwa na watu wenye njaa kaskazini na kando ya Tana, na watu wasio na ardhi katikati ya nchi. Upande wa pili kulikuwa na walowezi na makampuni wanaotaka uhakika wa mali yao. Serikali ya Ngala ilikuwa na mwaka mmoja, ingawa haikujua kwamba ni mmoja.

Mageuzi yake makubwa yalikuwa ya ardhi. Ubaguzi wa rangi katika Nyanda za Juu za Wazungu, ekari zaidi ya milioni saba, ulikuwa tayari umeondolewa kisheria. Lakini sheria haimpi mtu shamba, shamba hununuliwa. Bodi ya makazi ilianza kazi 1961 kwa mpango wa kununua sehemu ya mashamba yale na kuwauzia Waafrika, wengine wenye mtaji kidogo na wengine wakulima wadogo kabisa. Novemba 1961 Benki ya Dunia ikakubali kukopesha dola milioni 8.4 kwa kazi hiyo, na shirika la maendeleo la Uingereza, CDC, likatoa fungu lake. Waziri wa Kilimo aliyelisimamia jambo hilo alikuwa Blundell mwenyewe, kiongozi wa wakulima wa Kizungu waliotaka kuelewana na Waafrika.

Angalia jinsi mzani ulivyopangwa. Asiye na ardhi alipata ardhi. Mlowezi alilipwa, na hesabu ya bei ilifuata thamani ya 1959, kabla hofu haijaangusha soko. Benki ilipata riba. Aliyebeba deni ni mkulima mpya, ambaye angelipa kwa miaka 30 kwa ajili ya udongo ambao babake au babuye huenda alikuwa akiulima kabla ya Mzungu kufika. Serikali ya mseto iliyofuata 1962 iliupanua mpango huo ukawa ule mradi maarufu wa ekari milioni moja, ambao hatimaye uliweka familia kama 35,000. Kwa wakati ule ulikuwa mradi mkubwa sana, na sitaki kuubeza. Uliepusha damu. Watu walipata mahali pa kuzika wazazi wao.

Ila usipitwe na jambo hili: kila shilingi ya mradi ule ilikwenda mahali ambapo mtu angeweza kuiangusha serikali au kuikimbia. Mlowezi angeweza kuondoka na mtaji wake. Hilo lingevunja uchumi. Kijana asiye na ardhi angeweza kuvamia shamba. Hilo lingerudisha Hali ya Hatari ya miaka ya hamsini. KANU ilikuwa nje ya mlango na watu wengi zaidi, ikingoja serikali iteleze. Serikali isiyo na wingi haiwezi kuhesabu haki kwanza. Inahesabu nani anaweza kuiumiza, halafu inalipa kwa mpangilio huo.

Mfugaji wa Kotile angeifanya nini serikali ya Nairobi? Hakuwa na shamba la kuuza kwa Benki ya Dunia, wala kura ya kuogopesha mtu, wala barabara ya kuifunga, maana barabara yenyewe hakuna. Malisho yake hayakuwa na hati, kwa hiyo kwenye vitabu vya benki hayakuwa mali. Mkopo wa Novemba ulimpita juu kama zile ndege za magunia, tofauti ni kwamba ndege angalau zilidondosha kitu.

Mto wenyewe ulionyesha tofauti hii kwa uwazi wa kuudhi. Upande wa magharibi, pale Hola, serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha mradi wa umwagiliaji kwa kazi ya wafungwa wa Mau Mau. Ni palepale walipouawa kwa kupigwa wafungwa 11 tarehe 3 Machi 1959, mauaji yaliyowaaibisha Waingereza bungeni kwao na kuharakisha uhuru wetu. Mradi haukufa na wafungwa. Uliendelea, ukapewa wakulima, ukaingia katika mipango ya taifa. Maji ya Tana, kwa macho ya mpangaji wa serikali, yalikuwa na kazi yakigeuzwa kuwa mfereji. Ng'ombe waliokuja kuyanywa wakati wa kiangazi kutoka ng'ambo ya mashariki hawakuwa na safu yao kwenye jedwali.

Sasa, kuna jambo linalonifanya nisimhukumu Ngala haraka, na jambo hilohilo linafanya kisa hiki kiume zaidi. KADU haikuwa chama cha vibaraka tu kama KANU ilivyopenda kusema. Ilizaliwa Ngong mwezi Juni 1960 kwa muungano wa makundi madogo: Wakalenjin, Wamasai, sehemu ya Waluhya, watu wa pwani, na pia Somali National Association. Ndiyo, Wasomali walikuwepo siku ya kuzaliwa kwake. Hoja yake kuu, majimbo, ilikuwa kwamba makabila madogo yasimezwe na makubwa, kila mkoa uwe na ardhi yake, polisi wake na sauti yake juu ya mapato. Walowezi waliipenda hoja hiyo kwa sababu zao, maana serikali kuu dhaifu haiwezi kunyang'anya mashamba. Lakini Mgiriama na Mmasai nao walikuwa na sababu zao, na hazikuwa za kuazima.

Kwa hiyo wachache walikuwa serikalini, wakiwa na falsafa ya wachache, na bado wachache kuliko wote wakabaki nje. Pale NFD chama kilichokuwa na watu ni NPPPP, kilichoanzishwa 1960 chini ya Wako Happi, na sera yake kuu ilikuwa moja: kujitenga na Kenya na kuungana na Jamhuri ya Somalia, iliyokuwa imepata uhuru Julai 1960. Wajumbe wa kaskazini walilipeleka dai hilo London kwenye mkutano wa Lancaster House ulioanza Februari 1962. KANU ilikataa katakata. KADU ikasema njooni kwenye majimbo, mtapata jimbo lenu. Yaani chama kilichosema Kenya ni ya makundi mengi yenye haki ya kujiamulia, kilipofika kwa kundi lililotaka kujiamulia kweli, kikagundua kwamba haki ina mpaka, na mpaka wenyewe ni ule uliochorwa na Mwingereza.

Labda hakikuwa na njia nyingine. Serikali iliyosimama kwa fimbo ya Gavana ingewezaje kumega nusu ya ramani? Hata hivyo nadhani Ngala alikuwa na kitu kingine cha kutoa, kidogo zaidi na cha maana zaidi. Angeweza kufungua njia za ng'ombe. Angeweza kulegeza kipande cha kusafiria na kuruhusu mfugaji auze Mombasa, Lamu au Nairobi kwa bei ya soko. Hilo halikuhitaji mkopo wa dola milioni nane. Lilihitaji kumuudhi mwenye ranchi, naye mwenye ranchi alikuwa mezani, ndani ya serikali, upande wa Blundell.

Mkutano wa London ulimalizika Aprili 1962 kwa makubaliano ya serikali ya mseto, KANU na KADU pamoja, na mwaka wa wachache ukaisha. Yaliyofuata upande wa mashariki mwa Tana yanajulikana zaidi. Oktoba 1962 walikuja makamishna wawili, mmoja Mnigeria na mwingine Mkanada, wakawauliza watu wa NFD wanataka nini. Katika maeneo ya Wasomali karibu watu wote walijibu kitu kimoja: kuungana na Somalia. Machi 1963 Duncan Sandys, Waziri wa Makoloni, akatangaza kinyume chake, kwamba litakuwepo jimbo la saba ndani ya Kenya, la Kaskazini Mashariki. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza. Watu wa jimbo jipya wakasusia uchaguzi wa Mei. Tarehe 28 Desemba 1963, siku 16 tu baada ya bendera kupandishwa, Hali ya Hatari ikatangazwa, na vita vya Shifta vikaendelea mpaka makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Kwenye vita hivyo mali iliyopotea ni ileile ambayo mkopo wa 1961 haukuiona kuwa mali. Mifugo ilichukuliwa, ikauawa, ikafa watu walipokusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi. Mtu wa Garissa akiulizwa alipoteza nini wakati wa Shifta, haanzi na siasa. Anaanza na idadi ya ng'ombe.

Utasema basi kosa lilikuwa la wachache, wenye wingi wangefanya vizuri zaidi. Hapana. KADU ilivunjwa Novemba 1964, KANU ikabaki peke yake na bunge zima mkononi, bila mtu wa kuogopa. Mwaka uliofuata ikatoa Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, uliosimamiwa na Tom Mboya. Ndani yake imeandikwa kwa lugha safi kabisa kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na barabara, kwa kuwa huko ndiko zitazaa haraka, na faida baadaye isambazwe kwingine. Serikali ya wachache ilifanya jambo kwa sababu ya woga na haraka. Serikali ya wengi ikalichukua ikaliita sera. Hili la pili ndilo linaloniudhi zaidi. Woga huisha. Sera hupewa idara, ofisi na bajeti.

Na kwa hesabu ya mhasibu, sera ile haikuwa na kosa. Weka shilingi Kiambu upate mbili, iweke Kotile usubiri. Shida ni kwamba Kotile haikuwa kame kwa kudra ya Mungu peke yake. Ilifanywa maskini pia kwa kibali cha kusafiri, kwa mnunuzi mmoja, kwa karantini isiyokwisha na kisha kwa Hali ya Hatari ambayo sheria zake ziliendelea mpaka 1991. Ukimfungia mtu duka miaka 60, halafu ukasema hakopesheki kwa sababu hauzi, hesabu yako ni sahihi na bado umemdhulumu.

Ajabu ni kwamba karantini zilipolegea, ng'ombe walijibu wenyewe. Soko la mifugo la Garissa leo ni miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki, na sehemu kubwa ya nyama inayochomwa Nairobi na Mombasa imepitia kaskazini. Hakuna Benki ya Dunia iliyolijenga soko hilo. Limejengwa na madalali, wenye malori, akina mama wauza maziwa na simu za mkononi. Hiyo biashara waliyoogopa isije ikaharibu bei ya mwenye ranchi ilikuwa na uwezo wa kujilisha tangu mwanzo.

Majimbo nayo yalirudi kwa mlango mwingine, kama kaunti, kwenye Katiba ya 2010. Garissa ina gavana wake na bajeti yake tangu 2013, kitu ambacho jimbo la 1963 halikuwahi kukipata kwa sababu watu wake walisusia na baraza lake halikuketi. Mpaka wake na Tana River bado unabishaniwa: wengine wanasema mpaka ni mto, wengine wanasema ni maili tatu mashariki mwa mto, na ubishi huo, kwa mtu anayechunga Kotile, si wa ramani. Ni wa nani ananywesha wapi mwezi wa Septemba.

Katiba hiyohiyo, kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyotengwa. Imepangiwa nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa kazi nne: maji, barabara, afya na umeme. Imepewa miaka 20, muda unaokwisha 2030 kama Bunge halitauongeza.